Nguzo za upande wa kushoto: kisa cha uzio kwenye kiwanja kipya chenye mteremko

Kisa hiki kinahusu uzio wa nyumba ya kuishi, uliojengwa kwenye kiwanja kilichosawazishwa kwa katapila miezi michache kabla. Mimi ndiye niliyesimamia kazi hiyo, kwa hiyo makosa yaliyomo humu yana mkono wangu. Nimeondoa mahali, majina na kila kitu kinachoweza kumtambulisha mwenye kiwanja, jirani yake au mafundi. Vipimo nimeviacha kama vilivyokuwa kwenye daftari, kwa sababu mafunzo ya kisa hiki yako kwenye vipimo.

Usuli

Mwenye kiwanja alikuwa mama wa watoto watatu, anahamia nje ya mji, mahali ambapo kati ya nyumba na nyumba bado kuna shamba. Nyumba ilikuwa imeshaezekwa. Alitaka uzio ukamilike kabla hajahamia: watoto wasiteremke hadi kwenye korongo la chini, mifugo ya majirani isiingie, na vifaa vya ujenzi visiendelee kupungua usiku.

Alikuja akitaka ukuta wa tofali kuzunguka kiwanja chote, na juu ya ukuta pawe pamenyooka. Ni ombi ninalolisikia mara nyingi, na ninalielewa. Mtu amejenga nyumba kwa jasho lake na anataka kuifunga vizuri. Lakini ukuta wa namna hiyo unataka ardhi iliyotulia, na ya kwake ilikuwa haijatulia.

Kiwanja kilivyokuwa

Upana ulikuwa mita 36 na urefu mita 58, urefu huo ukishuka kutoka barabarani hadi karibu na korongo. Kati ya mpaka wa juu na wa chini palikuwa na tofauti ya kimo ya mita 7. Ukigawa unapata mteremko wa asilimia 12, na ndivyo nilivyoandika siku ya kwanza. Hesabu ni sahihi, ila haikunisaidia chochote, maana hakuna hata mita moja ya kiwanja kile iliyokuwa na mteremko wa asilimia 12.

Siku ya pili tulipima upya kwa mpira wa maji (mpira mrefu uliojazwa maji, unaoonyesha usawa kati ya sehemu mbili), kipande kwa kipande, na sura halisi ikaonekana. Mita 16 za kwanza kutoka barabarani zilishuka mita 1.6. Kisha palikuwa na ukingo uliokatwa na katapila, unashuka mita 1 ndani ya mita 2. Ukafuata uwanja wa nyumba, mita 16 karibu tambarare, ukishuka sentimita 20 tu. Baada ya hapo uso wa kifusi, yaani udongo uliosukumwa na katapila: mita 6 zinazoshuka mita 2.4, yaani asilimia 40. Mita 18 za mwisho zilishuka taratibu, mita 1.8.

Katapila lilifanya kama linavyofanya siku zote: likachimba upande wa juu na kusukuma udongo upande wa chini ili nyumba ipate uwanja sawa. Chini ya nyumba yenyewe msingi ulikuwa umepelekwa hadi udongo wa asili. Pembeni, kuelekea mipaka ya kushoto na kulia, udongo ulikuwa umesukumwa tu na kuachwa, bila kushindiliwa kwa tabaka. Juu yake palikuwa pameshaota majani mabichi mazuri. Mtu akipita hapo angeapa kwamba ardhi ile imekuwepo tangu zamani.

Ukichora mstari wa ardhi ya zamani chini ya uwanja huo, unakuta kwamba kwenye ukingo wa nje wa uwanja kifusi kilikuwa na kina cha mita 1.5. Mstari huo nilikuja kuuchora baadaye. Nilipaswa kuuchora siku ile ile ya mpira wa maji, kwani namba zote zilikuwa mkononi.

Kuchagua aina ya uzio

Tulikaa na mama huyo juu ya rundo la tofali nikamwonyesha kwenye karatasi. Ukuta wa tofali kwenye mteremko hujengwa kwa ngazi. Kwenye mteremko wa asilimia 40, kila mita 3 za ukuta zinahitaji kushuka mita 1.2. Maana yake, ukitaka ukuta usipungue mita 1.8 upande wa juu wa ngazi, upande wa chini wa ngazi hiyo hiyo utasimama mita 3. Ukuta wa kimo hicho juu ya udongo uliosukumwa tu utapasuka, na ukiangukia upande wa jirani si jambo la kurekebisha kwa saruji.

Tukakubaliana mbele, kwenye barabara, uwe ukuta wa tofali, kwa kuwa pale ardhi haikuguswa na ndiko kunakoonekana. Pande tatu zilizobaki ziwe wavu wa waya wa kimo cha mita 1.8 juu ya nguzo za bomba la chuma lililopakwa zinki. Wavu unafuata ardhi inavyoshuka, unapitisha upepo na unapitisha maji.

Aliuliza swali ambalo wengi huuliza: mteremko hautakula waya mwingi? Nilimpigia hesabu pale pale. Urefu wa mpaka wa pembeni ukipimwa usawa ni mita 58. Ukipimwa juu ya ardhi yenyewe, pamoja na ukingo na uso wa kifusi, ni kama mita 58.9. Kwa pande mbili nyongeza haifiki hata mita 2. Mteremko huongeza gharama, ila si kwenye waya. Huongeza kwenye nguzo, egemeo (bomba la mshazari linaloitegemeza nguzo) na siku za kazi. Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu, kisha nikaenda kuagiza mabomba yote yenye urefu mmoja.

Mipaka kwanza

Jiwe la mpaka la kona ya chini kushoto halikuonekana. Ama lilifukiwa ama lilikokotwa na katapila. Fundi mmoja alipendekeza tuvute kamba kutoka mawe matatu yaliyobaki, tupate pembe mraba, tuendelee. Nilikataa, tukasubiri mpima ardhi siku tisa. Alilirudisha jiwe mahali pake, na ikaonekana kwamba makisio yetu ya kamba yangetupeleka ndani ya shamba la jirani kwa zaidi ya nusu mita. Viwanja vingi havina pembe mraba kamili, hata kama kwenye karatasi vinaonekana hivyo.

Kwa kuwa uwanja wa nyumba ulikuwa umeinuka katikati, ukisimama kwenye jiwe la juu huoni la chini, na kamba ukiivuta inalala juu ya ukingo wa kifusi na kupinda. Tulisimamisha fimbo ndefu juu ya ukingo, mtu akichungulia kutoka kila upande, tukaisogeza hadi fimbo zote zikafunikana. Nguzo tuliziweka sentimita 20 ndani ya mpaka ili zege la chini lisivuke kwenda kwa jirani.

Lango tuliliweka mita 5 ndani ya mstari wa barabara, gari lipate pa kusimama wakati linafunguliwa. Milango yake miwili, kila mmoja mita 2, inafunguka kuingia ndani, ambako ardhi inashuka, kwa hiyo haigusi chini. Ingekuwa inafunguka kuelekea juu, kwenye mteremko wa asilimia 10 tungehitaji kuacha uwazi wa sentimita 20 chini yake, na mbwa yeyote angepita. Sehemu hii ya kazi haijasumbua hadi leo, na sina zaidi la kusema juu yake.

Upande wa kushoto

Tulianza na upande wa kushoto kwa sababu ndiko lori lilikomwaga mchanga na kokoto. Mchoro tuliotumia ulisema shimo la upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 75, nguzo kila mita 3. Kina hicho kinatosha kabisa kwa nguzo ya mita 1.8 kwenye udongo mgumu. Nguzo zilikuwa 20 upande ule. Nitazitaja kwa namba kuanzia barabarani, na zinazohusika hasa ni ya 9 hadi ya 14, zile zilizopita kwenye kifusi. Ya 12 ilikaa juu kabisa ya ukingo wa uwanja, na ya 14 chini kabisa, pale kifusi kinapokutana na ardhi ya zamani.

Mashimo hayo sita yalichimbwa kwa nusu siku. Yale ya juu, kwenye udongo usioguswa, yalituchukua siku nzima na zaidi. Vibarua walifurahi na mimi nikafurahi. Hakuna aliyejiuliza kwa nini sururu ilikuwa haihitajiki. Siku iliyofuata tulimwaga zege la uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), nguzo zikiwa zimesimamishwa kwa timazi. Kwenye mteremko macho hudanganya na kutaka nguzo isimame mraba na ardhi, ndiyo maana timazi ni lazima kwa kila moja.

Shimo la upande wa kulia

Siku mbili baadaye tulihamia kulia. Saa nne asubuhi kibarua aliyekuwa kwenye shimo la nguzo ya 12 aliniita. Alikuwa ameegemea mtaimbo, na mtaimbo ulikuwa umezama karibu wote bila kupigwa.

«Fundi, njoo unuse,» akasema.

Nilipiga magoti nikaingiza mkono. Alikuwa amepita kina cha sentimita 75 kwa kuwa udongo ulikuwa unatoka wenyewe, akaendelea akitafuta mahali pagumu. Chini kabisa palikuwa na tabaka jeusi, laini, lenye harufu ya majani yanayooza. Nilitoa kiganja cha nyasi zilizolala, bado na mizizi yake, na kipande cha bua la mahindi. Huo ndio ulikuwa uso wa shamba la zamani. Katapila lilikuwa limesukuma udongo juu ya nyasi bila kuziondoa kwanza. Kwa hiyo palikuwa na kifusi kisichoshindiliwa cha mita 1.5, kikiwa kimelala juu ya godoro la majani yanayooza, kwenye mteremko.

Tulisimamisha kazi. Nilichukua nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 2, nikaigongelea kwa nyundo kila mita 2 kwenye mstari wa uzio, nikihesabu mapigo kwa kila sentimita 10. Kwenye kifusi ilishuka kwa mapigo matatu au manne. Ikifika udongo wa asili mapigo yalipita kumi na tano na mlio wa nondo ukabadilika. Kazi yote ilichukua chini ya saa moja, na kwa saa hiyo nikapata ramani ya kina cha kifusi: kwenye nguzo ya 9 karibu hakuna, ya 10 nusu mita, ya 11 mita 1, ya 12 mita 1.5, ya 13 sentimita 75, ya 14 hakuna.

Hapo yalifanyika maamuzi mawili. La kwanza lilikuwa zuri, la pili baya, na yote niliyafanya ndani ya nusu saa nikiwa nimesimama mahali pale pale.

Uamuzi wa kwanza: upande wa kulia, kina cha shimo kisihesabiwe tena kutoka juu ya ardhi. Kihesabiwe kutoka udongo wa asili, na kila nguzo iingie humo angalau sentimita 45, hata kama jumla ni mita 2. Nguzo ya 12 ikahitaji mita 1.95 chini ya ardhi na mita 1.8 juu, jumla mita 3.75. Bomba la mita 6 lilikatwa vipande viwili, na mita 2.25 zilizobaki zikawa egemeo. Mashimo marefu tuliyatoboa kwa keekee kubwa ya mkono ya kutobolea udongo, upana wa sentimita 25, ili tusisumbue kifusi zaidi ya lazima. Nguzo ya 14 hatukuiongezea kina, ila shimo lake tulilipanua chini liwe pana kuliko juu. Nayo ya 12 na ya 14 tulizifanya nguzo za kukazia waya, kila moja na egemeo lake.

Uamuzi wa pili ulihusu upande wa kushoto. Zege lilikuwa la siku mbili. Ingewezekana kung'oa nguzo nne siku ile ile kwa urahisi, zege likiwa bado halijakomaa. Mwenye kiwanja alikuwa safarini. Mabomba marefu tuliyokuwa nayo yalitosha upande mmoja tu. Nilijiambia kwamba wavu ukishakazwa utazishika nguzo zote pamoja, na kwamba majani yale yaliyoota juu ni dalili kifusi kimeanza kutulia. Nikaacha. Nilimweleza mama huyo aliporudi kwamba upande mmoja tumeuongezea kina «kwa usalama zaidi». Sikumwambia waziwazi kwamba upande wa pili ulikuwa pungufu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi katika kisa chote.

Upande wa chini na maji

Kwenye mpaka wa chini, kama mita 8 kutoka kona ya kushoto, palikuwa na bonde dogo lisilozidi kina cha sentimita 30, ambalo maji ya mvua hupitia kwenda korongoni. Wakati wa kiangazi lilikuwa kavu na lina nyasi kama mahali pengine popote.

Mwenye kiwanja aliogopa wanyama wanaochimba kupita chini ya wavu, akaomba mkanda wa zege wa kimo cha sentimita 30 chini ya uzio upande huo wote. Nilikubali, nikaacha matundu matatu ya sentimita 15 pale penye bonde. Niliona yanatosha kwa sababu nilikuwa nafikiria maji tu. Sikufikiria maji yanabeba nini.

Makabidhiano

Tulisubiri siku saba baada ya zege la mwisho ndipo tukakaza waya. Upande wa kulia wavu ulikatwa na kufungwa upya kwenye nguzo ya 12 na ya 14, yaani kila mahali mteremko unapobadilika sana. Upande wa kushoto, ili kuokoa muda, tulivuta kipande kimoja kutoka nguzo ya 12 hadi kona ya chini, kikipita kwenye nguzo ya 14, pale chini kabisa ya uso wa kifusi.

Siku ya makabidhiano nilipima kila nguzo kwa timazi na kuandika. Hakuna iliyopinda zaidi ya nusu sentimita. Karatasi hiyo ndiyo imeniwezesha kuandika kisa hiki.

Baada ya mvua

Wiki saba baadaye mvua zilianza, na ndani ya siku kumi nikapigiwa simu.

Upande wa kushoto, kichwa cha nguzo ya 10 kilikuwa kimesogea sentimita 2 kuelekea chini ya mteremko, cha 11 sentimita 6, cha 12 sentimita 11, cha 13 sentimita 8. Egemeo la nguzo ya 12 halikusaidia, maana nalo mguu wake ulikuwa kwenye kifusi hicho hicho, vyote vikaondoka pamoja. Kati ya nguzo ya 12 na 13 wavu ulikuwa umelegea kama chandarua. Nguzo ya 14 haikupinda. Ilikuwa imepanda juu kwa sentimita 4.

Hiyo ya 14 iliwashangaza mafundi. Ni waya. Waya uliokazwa unataka kunyooka. Ukipita juu ya kilima unaikandamiza nguzo ardhini. Ukipita bondeni unaivuta nguzo iliyo chini kabisa kwenda juu. Ardhi ikishalowa, mshiko unapungua, na nguzo inatoka taratibu kama jino. Tulipoing'oa tuliona zege lake limekuwa kama kigingi, pana juu na jembamba chini, umbo ambalo mchimbaji hulipata asipojali kulinganisha shimo. Umbo hilo linang'oka kirahisi kuliko jingine lolote.

Upande wa kulia nguzo zote sita zilikuwa ndani ya sentimita 1. Lakini ardhi yenyewe ilikuwa imetitia hapo pia, sentimita 8 kwenye ukingo, na sasa kulikuwa na uwazi chini ya wavu ambao kuku alipita mbele ya macho yangu. Nguzo ndefu zilishika uzio. Kifusi hazikuweza kukishika.

Chini ya kiwanja hali ilikuwa mbaya zaidi. Nyasi kavu, majani na mabaki ya mifuko ya saruji yaliziba matundu yote matatu katika mvua kubwa ya kwanza. Maji yakasimama nyuma ya mkanda hadi sentimita 25, kisha yakatambaa kando yake kuelekea kona ya kushoto, yakaizunguka kona na kumwagikia shamba la jirani. Yalikomba udongo kuzunguka nguzo ya kona hadi kina cha sentimita 40 na kufukia matuta mawili ya jirani. Jirani alikuja, akasimama, akaonyesha kwa kidole, hakupandisha sauti. «Maji haya yamekuwa yakipita kule miaka yote,» alisema, «nani kayaleta huku?» Sikuwa na jibu lingine zaidi ya kukubali.

Uchambuzi

Watu wakisikia kisa hiki husema kosa lilikuwa kina kifupi. Kina cha sentimita 75 hakikuwa kifupi. Nguzo 16 zilizobaki upande ule ule wa kushoto zina kina hicho na zimesimama wima. Kosa lilikuwa kupima kina kutoka mahali pasipo sahihi. Kwenye kiwanja kilichosawazishwa, uso wa ardhi ni kitu cha juzi. Shimo la sentimita 75 kwenye nguzo ya 12 lilikuwa limefika nusu tu ya safari kwenda kwenye ardhi yenyewe. Kwa hesabu ya nguzo, ile ilikuwa imesimamishwa juu ya gunia la udongo.

Dalili zilikuwepo zote kabla ya zege la kwanza. Mteremko wa asilimia 40 katikati ya kiwanja chenye wastani wa asilimia 12 haujitengenezi wenyewe. Ukingo uliokatwa juu ya uwanja unakueleza kwamba udongo uliotoka pale umekwenda mahali fulani. Mashimo sita yakichimbwa kwa nusu siku huku mengine yakichukua siku nzima na zaidi, hiyo nayo ni taarifa, na mimi niliichukua kama bahati. Jaribio la nondo lilihitaji chini ya saa moja. Sasa nalifanya siku ya kamba, kabla hata ya kuagiza mabomba, kwa kuwa urefu wa mabomba hutoka kwenye jaribio hilo.

Kuhusu kuacha upande wa kushoto: hoja yangu kwamba wavu ungezishika nguzo pamoja ilikuwa kinyume cha ukweli. Wavu uliokazwa huongeza mzigo, na nguzo zilizo dhaifu zikifungwa pamoja huanguka pamoja. Kung'oa nguzo nne zenye zege la siku mbili kungechukua siku moja na nusu. Kuzirudia baada ya mvua, zege likiwa limekomaa, wavu ukifunguliwa na kufungwa tena, kulichukua siku nne, na mabomba mafupi tuliyoyatoa hayakufaa tena kuwa nguzo. Ila kisichohesabika kwa siku ni kwamba mwenye kiwanja hakupewa nafasi ya kuamua. Pengine angesema tuache. Kiwanja kilikuwa chake, na hatari ilikuwa yake kuipima akiwa na taarifa kamili.

Mkanda wa zege ulitokana na woga halali, na mtu anayeishi jirani na mashamba hakosei kuogopa wanyama wanaochimba. Kosa langu lilikuwa kukubali kizuizi kigumu kwenye njia ya maji kisha kujifariji kwa matundu. Tundu la sentimita 15 huziba kwa fungu moja la nyasi. Maji yakizuiwa hayapotei, yanatafuta pa kupitia, na mara nyingi anayepata hasara ni jirani ambaye hakujenga chochote.

Yaliyofanya kazi yanastahili kutajwa kwa uzito huo huo. Kumsubiri mpima ardhi siku tisa kulituokoa na ugomvi wa mpaka, na nina hakika jirani yule asingekuwa mpole kwenye suala la maji kama tungekuwa tayari tumeingia shambani kwake nusu mita. Kuchanganya ukuta na wavu kulikuwa uamuzi bora kuliko yote: ukuta wa mbele hauna ufa hata mmoja, na nikifikiria tofali juu ya kifusi kile naona wazi kilichoepukwa. Kufunga wavu upya kila mteremko unapobadilika kuliufanya upande wa kulia uwe imara. Na vipimo vya siku ya makabidhiano vilifunga mlango wa kubishana: hakuna aliyeweza kudai kwamba nguzo zilipinda tangu mwanzo, wala mimi sikuweza kudai kwamba hazijapinda.

Marekebisho

Nguzo nne za kushoto zilirudiwa kwa kanuni ya upande wa kulia, na ya 14 ikapewa shimo pana chini na egemeo lake, gharama ikiwa juu yangu. Kwenye bonde dogo tulivunja mita 4 za mkanda wa zege na kusimamisha nguzo mbili nene. Kati yao juu tukalaza bomba, na kutoka kwenye bomba tukaning'iniza fito za chuma kwa pete, sentimita 10 kati ya fito na fito. Maji yakija na nyasi, fito zinasukumwa kuelekea chini, uchafu unapita, kisha zinarudi. Hazikufungwa kwenye wavu wa pembeni, ili siku mafuriko yakizichukua yasiuvute uzio wote. Kabla na baada ya lango hilo la maji tulipanga mawe bapa yasikombwe. Matuta ya jirani tuliyainua upya kabla hajatukumbusha.

Kwa uwazi wa chini ya wavu kwenye kifusi, pande zote mbili, tulifunga ukanda wa ziada wa wavu wa sentimita 40. Sehemu yake imelazwa juu ya ardhi kuelekea nje na kushikizwa kwa vigingi, ili kifusi kikizidi kutitia ukanda ushuke nacho. Baada ya msimu wa mvua uliofuata nilirudi na timazi na ile karatasi. Nguzo ya 12 kushoto ilikuwa imesogea chini ya sentimita 1. Kifusi kilikuwa kimeshuka sentimita 3 zaidi, na ukanda ulikuwa umeshuka nacho.